Kipimo Kimepanda: Je, Mgonjwa Amezidiwa?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji wa safu yetu ya familia, wiki chache zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa hapa Mwanga mjini, mzee mmoja wa jamaa yetu alitufuata ofisini mwa kamati akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na majibu mawili ya maabara ya mkaza mwanawe, moja la miezi mitano nyuma na jingine la mwezi uliopita. Mbele ya herufi PR3 paliandikwa namba, na namba ya pili ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Mzee akatuambia kwa sauti ya chini, "Katibu, ugonjwa umezidi mara tatu. Ijumaa ijayo tangazeni mchango, binti apelekwe Dar es Salaam, na ikibidi India. Mimi nimeshapata mnunuzi wa shamba."

Shamba lenyewe liko kule juu Usangi, na ndilo linalowalisha watu tisa. Mgonjwa mwenyewe, asubuhi ya siku ile ile, alikuwa sokoni na mikungu yake ya ndizi, akiuza na kuzungumza na wateja kama kawaida. Hapo ndipo tulipoingiwa na swali tulilolifanya kichwa cha makala ya leo. Tulimwomba mzee asiuze kitu kwanza. Tukafuatana naye na mgonjwa hadi Moshi kwa daktari anayemtibu, tukakaa, tukauliza. Tuliyoyasikia huko, pamoja na tuliyoyasoma baadaye, tunayaandika kwa idhini ya mgonjwa na mumewe. Jina lake tunalihifadhi.

UGONJWA HUU NI UPI?

Kwanza tueleze maradhi yenyewe, kwa sababu ni machache na wengi wetu hatujayasikia. Allah (s.w.) ameuumba mwili ukiwa na askari wake. Vijidudu vinapoingia, mwili hutengeneza kingamwili, ambazo huvishika vijidudu hivyo na kuwaonyesha askari mahali pa kushambulia. Baadhi ya askari hao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, zinazobeba ndani yao kemikali kali za kuulia vijidudu. Katika maradhi haya, kingamwili hupotea njia. Badala ya kushika vijidudu, hushika protini zilizomo ndani ya nyutrofili za mwili wenyewe. Nyutrofili zikishikwa namna hiyo hukasirika, hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kumwaga sumu yake hapo hapo. Ukuta wa mshipa huvimba, huchanika, na damu huvuja au hukwama.

Watu wa milimani wataelewa haraka tukisema hivi: mishipa ya damu ni kama mifereji itokayo kwenye ndiva. Walinzi wa mfereji waliowekwa wafukuze mifugo wameanza kubomoa kingo kwa majembe yao wenyewe. Maji hayafiki shambani, na yanakovuja yanaharibu.

Mahali penye mishipa midogo mingi ndipo panapoumia zaidi: figo, mapafu, pua na masikio, macho, ngozi na mishipa ya fahamu. Kingamwili hizo kwa kifupi huitwa ANCA. Zinazopimwa hasa ni za aina mbili, kwa kufuata protini zinayoishambulia: PR3 na MPO. Basi ukiona herufi hizo kwenye karatasi ya maabara, ujue ndizo zinazozungumziwa.

TULIPOKOSEA SISI

Tungependa kusema kwamba kamati ilikuwa msaada tangu mwanzo, lakini haikuwa hivyo. Dada yetu huyu alianza na mafua yasiyokwisha, pua yenye magamba na damu, na sikio moja likaziba. Yakafuata maumivu ya viungo, jicho jekundu, homa za jioni, kukonda, na mwisho kikohozi chenye damu. Katika kituo kimoja cha afya alianzishiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Katika nchi yetu, anayekohoa damu na kukonda, jambo la kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu, na mara nyingi huwa ndicho. Mapafu yaliyoshambuliwa na ugonjwa huu huweza hata kuonyesha mashimo kwenye picha ya eksirei, kama yale ya kifua kikuu.

Aliposhindwa kupata nafuu, familia ilituita. Wengine walikuwa wameshasema ni husda ya mfanyabiashara mwenzake. Tulikwenda, tukamsomea. Kumsomea mgonjwa ni jambo la kheri, na hatulijutii. Tunachojuta ni kwamba tulisoma, tukaondoka, tukarudi tena kusoma, kwa muda wa wiki tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Mama, mkojo wako ukoje?" Mkojo ulikuwa umeshabadilika rangi ukawa kama chai ya rangi. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, figo zake zilikuwa zimeumia. Dawa zimezisaidia, alhamdulillah, lakini hazikurudi zilivyokuwa. Kila mwanakamati aliyekuwa pale analijua hilo, na ndiyo sababu tunaandika makala hii.

Mafundisho ya dini yetu yametuamrisha kutafuta tiba pamoja na kumtegemea Allah (s.w.), wala hayakuyaweka mambo haya mawili yagombane. Anayemsomea mgonjwa na amsomee, kisha ashike mkono wake ampeleke akapimwe.

KIPIMO HIKI KILITOKA WAPI?

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kabla ya kipimo kujulikana. Mwaka 1936 mtabibu wa Ujerumani, Friedrich Wegener, alieleza habari za wagonjwa watatu waliofariki kwa maradhi ya namna hii, na kwa miaka mingi ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Baadaye ilibainika kuwa alikuwa mwanachama wa chama cha Kinazi, na mwaka 2011 jumuiya za kimataifa za madaktari zikapendekeza jina jingine, ambalo kwa kifupi ni GPA. Tunalitaja kwa sababu kwenye karatasi za zamani bado utaliona jina la Wegener. Ni ugonjwa ule ule.

Siku hizo, kuugua maradhi haya ilikuwa ni kungoja mauti. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1958 ulionyesha kuwa wagonjwa wasiotibiwa waliishi kwa wastani wa miezi 5, na asilimia 82 walifariki ndani ya mwaka 1. Mambo yalibadilika pale madaktari walipounganisha dawa za jamii ya prednisoloni na dawa iitwayo saiklofosfamidi. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo Marekani ni Anthony Fauci, ambaye wengi wetu tulimfahamu wakati wa Korona. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 85, ambao asilimia 93 kati yao ugonjwa ulitulia kabisa. Maradhi yaliyokuwa yakiua karibu kila mtu yakawa maradhi ya kuishi nayo.

Kingamwili za ANCA zilionekana mwaka 1982 nchini Australia, kwa wagonjwa 8 wa figo. Waliozigundua walidhani zimeletwa na virusi vya mbu. Mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi na Denmark, akiwamo Fokko van der Woude, wakazihusisha na ugonjwa wa Wegener. Walitangaza mambo mawili: kwamba kingamwili hizi zinasaidia kuutambua ugonjwa, na kwamba zinaonyesha nguvu ya ugonjwa kwa wakati ule. Jambo la kwanza limethibiti hadi leo. Jambo la pili ndilo lililomfanya mzee wetu atake kuuza shamba.

NAMBA INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Tumaini lile la mwaka 1985 lilikuwa na mantiki. Ikiwa kingamwili ndizo zinazowachochea askari, basi zikiongezeka ugonjwa uongezeke, na zikipungua upungue. Baadhi ya uchunguzi wa mwanzo uliunga mkono fikra hiyo, na wapo madaktari waliopendekeza mgonjwa aongezewe dawa mara tu namba inapopanda, hata kama hana dalili.

Lakini kadiri wagonjwa wengi zaidi walivyofuatiliwa, picha ikawa tofauti. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 156 nchini Marekani, ambao walipimwa PR3 mara kwa mara huku hali zao zikiandikwa. Kupanda na kushuka kwa namba kulieleza chini ya asilimia 10 tu ya kupanda na kushuka kwa ugonjwa. Wapo ambao namba ilipanda wakakaa salama. Wapo ambao ugonjwa ulirudi bila namba kutikisika. Kwa hiyo mwongozo unaofuatwa na madaktari wengi leo ni kwamba dawa zisiongezwe kwa sababu ya namba peke yake.

Tena tuongeze mambo matatu ambayo familia hukosea. La kwanza, si kila mwenye ugonjwa huu huwa na kingamwili hizi. Takriban mgonjwa 1 katika 10 hupimwa akaonekana hana, na bado anaumwa. La pili, si kila mwenye kingamwili hizi ana ugonjwa huu. Kifua kikuu chenyewe, maambukizi ya vali za moyo, na hata baadhi ya dawa, kama vile hidralazini ya presha na propilithiourasili ya tezi ya shingo, huweza kuzileta. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, hilo si jambo dogo: karatasi yenye ANCA haitoshi kumvua mtu dawa za kifua kikuu, wala kumwanzishia dawa za kushusha kinga. La tatu, maabara mbili tofauti hutumia mashine na vizio tofauti. Namba ya maabara moja hailinganishwi na namba ya maabara nyingine, kama vile usivyolinganisha pishi na kilo.

Na hilo la tatu ndilo lililojitokeza kwa dada yetu. Daktari aliweka karatasi zile mbili mezani, akatuonyesha kwa kidole majina yaliyoandikwa juu. Zilikuwa maabara mbili mbalimbali. Mzee alizitazama kwa muda, kisha akaikunja bahasha yake na kuitia mfukoni.

Je, basi kipimo hiki hakina faida baada ya ugonjwa kujulikana? La, kinayo. Aina ya kingamwili hueleza zaidi kuliko wingi wake. Mwenye PR3 huumwa zaidi pua, masikio na mapafu, na ugonjwa wake una tabia ya kurudi baada ya kutulia. Mwenye MPO mara nyingi huwa mtu wa umri mkubwa zaidi, figo zake ndizo huumia hasa, na aghalabu hufika hospitali zikiwa zimeshapata makovu. Kwa hiyo mgonjwa wa PR3 aliyepona dalili anahitaji kuangaliwa kwa miaka mingi asije akarudiwa. Vilevile, kupanda kwa namba ni sababu ya kumwita mgonjwa karibu zaidi, aonwe mara kwa mara. Na watafiti wa Ufaransa, katika kazi iliyotolewa mwaka 2018 kwa wagonjwa 162, walionyesha kuwa kipimo cha ANCA pamoja na hesabu ya aina fulani ya chembe za kinga kinaweza kusaidia kupunguza idadi ya dripu za dawa ya rituksimabu, bila ugonjwa kurudi kwa tofauti kubwa.

Mkulima wa Usangi akiona wingu zito juu ya Kindoroko hafungui ndiva kwa kuwa ameona wingu. Wala halipuuzi. Huchukua jembe akaenda kuukagua mfereji. Ndivyo namba hii inavyotakiwa itazamwe.

UZITO WA UGONJWA HUPIMWA KWA NINI?

Tulimuuliza daktari: kama si namba hii, mnajuaje kwamba mgonjwa amezidiwa? Alitueleza kwamba hukagua kiungo kwa kiungo. Madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliandaa orodha maalumu mwaka 1994 ambayo hadi leo inatumika. Hugawa mwili katika mafungu 9, kuanzia hali ya jumla, ngozi, macho, pua na masikio, kifua, moyo, tumbo, figo, hadi mishipa ya fahamu. Kila dalili ina alama zake. Figo zilizoanza kushindwa au damu inayovuja mapafuni huhesabiwa uzito mkubwa, na maumivu ya viungo huhesabiwa uzito mdogo. Kazi hii kwa sehemu kubwa hufanywa kwa macho, masikio, mikono na maswali.

Kisha vipo vipimo ambavyo havina sifa mjini, lakini ndivyo vinavyookoa figo. Cha kwanza ni mkojo. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo huonyesha damu na protini kabla macho hayajaona chochote. Cha pili ni kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani. Cha tatu ni presha. Daktari alituambia jambo ambalo mzee alilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani: kwamba kwa fedha ya kipimo kimoja cha kingamwili, mgonjwa angeweza kupimwa mkojo mara nyingi sana, na figo hazina kidonda kinachouma. Zinaharibika kimya kimya.

Mkojo wa dada yetu siku ile ulipimwa. Haukuwa na damu. Kreatinini ilikuwa pale pale ilipokuwa miezi mitano nyuma. Daktari hakuongeza dawa. Alimtaka arudi baada ya wiki nne badala ya miezi mitatu, na kila wiki apimwe mkojo katika kituo cha karibu.

MAMBO YA NYUMBANI

Ndugu zetu, ugonjwa wa namna hii haumpati mtu mmoja, huipata nyumba nzima. Tumeona yafuatayo yanafaa kuzungumzwa baina ya mume na mke, wazazi na watoto.

Dawa zisiachwe ghafla. Dalili zikitulia, wengi husema "nimepona" na kuweka vidonge kando. Prednisoloni iliyotumiwa kwa muda mrefu ikikatwa mara moja huweza kumwangusha mtu akazimia na hata kufa, kwa kuwa mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Wala si lazima dozi kubwa kwa muda mrefu. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 704, ulionyesha kuwa kuipunguza dozi kwa haraka zaidi chini ya uangalizi kulileta matokeo yasiyo mabaya zaidi kwa ugonjwa, na maambukizi makali yakawa machache. Basi anayeona dozi imekuwa nzito aiulizie, asijipunguzie mwenyewe.

Homa isidharauliwe. Dawa hizi huushusha ulinzi wa mwili wote. Homa kwa mgonjwa huyu si ya kunywea panadoli na kulala. Kabla ya kuanza matibabu, ulizeni kuhusu kupimwa kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, Ukimwi na minyoo, maana maradhi yaliyojificha huweza kuibuka kinga inaposhuka. Wengi hupewa septrini ya kujikinga, na isidhaniwe kuwa mgonjwa ameambukizwa Ukimwi kwa sababu tu anaitumia. Maneno ya namna hiyo yalisemwa kuhusu dada yetu pale sokoni, na kusengenya ni dhambi hata kama msemaji hajui anachokisema.

Uzazi uzungumzwe mapema. Saiklofosfamidi huweza kuharibu uwezo wa kuzaa kwa mwanamume na mwanamke, na ni hatari kwa mimba. Wanandoa vijana wana haki ya kuuliza kabla ya dozi ya kwanza. Iko rituksimabu, ambayo uchunguzi wa mwaka 2010 kwa wagonjwa 197 ulionyesha kuwa haipitwi nayo katika kuutuliza ugonjwa, na iliwafaa zaidi wale ambao ugonjwa uliwarudia. Bei yake ni kubwa, na hapo ndipo bima ya afya inapoonekana thamani yake. Asiye na bima asingoje augue ndipo aitafute. Tunawaomba akina baba msione haya kuketi na wake zenu mbele ya daktari kuyasema haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini elimu nayo ni faradhi.

Ramadhani ipangwe kabla mwezi haujaandama. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, na ruhusa hiyo ni rehema, si aibu. Mwenye figo zilizoumia huhitaji maji, na prednisoloni kwa kawaida humezwa asubuhi pamoja na chakula. Mgonjwa aende kwa daktari kwanza aulize kama saumu itamdhuru, kisha aje kwa shehe aulize kuhusu kulipa au fidia. Mpangilio huo usigeuzwe.

NA MCHANGO JE?

Mchango tuliutangaza Ijumaa iliyofuata, lakini haukuwa wa safari ya India. Kamati ilikubaliana kuwa na akiba ndogo ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu, bila kujali ni sukari, presha, figo au haya tuliyoyaeleza, kwa ajili ya nauli ya kwenda Moshi, vipimo vya mkojo na kreatinini, na dawa zinapokosekana. Tumeona kwamba watu wetu ni wepesi kutoa kwa ajili ya jambo kubwa la mara moja, na wazito kutoa kwa ajili ya nauli ya kila mwezi. Lakini mgonjwa wa maradhi ya kudumu huangushwa na nauli ya kila mwezi. Anakosa safari moja, anakosa ya pili, na anapokuja kuonekana tena anahitaji mashine ya kusafishia damu. Mwenye kutoa zaka akumbuke kuwa mafakiri na masikini tuliotakiwa kuwapa wapo pia miongoni mwa wenye bahasha za kaki.

Tunatoa wito kwa maimamu na walimu wa madrasa wa Mwanga, Same, Ugweno na Usangi. Mkiitwa kumsomea mtu mwenye mafua ya damu yasiyokwisha, kikohozi chenye damu kisichosikia dawa za kifua kikuu, jicho jekundu, vipele vya rangi ya zambarau miguuni, au mguu uliokufa ganzi ukalegea, someni, kisha ulizeni kuhusu mkojo. Ukiwa mwekundu, au wa rangi ya chai, au wenye povu jingi, mgonjwa asilale nyumbani usiku wa pili. Huenda usiwe ugonjwa huu, kwa kuwa ni nadra. Lakini mkojo wa namna hiyo una maana yake, na anayeweza kuieleza yuko hospitali.

Na kwa familia zenye karatasi za maabara: msiisome namba peke yenu usiku mkiwa na hofu. Mwende nayo kwa aliyeiagiza, na mwende na mgonjwa mwenyewe. Muulizeni daktari maswali manne: Figo zikoje? Mapafu yakoje? Maabara ni ile ile? Tubadili nini, au tusibadili kitu? Mwende na karatasi zote za nyuma, kwa sababu jibu moja peke yake husema machache.

Mzee wetu hajauza shamba. Kila Jumatatu ndiye anayemsindikiza mkaza mwanawe kupima mkojo, na ameshajifunza rangi za kile kijiti kuliko sisi. Mara ya kwanza alituletea karatasi ya majibu tuione. Tukamwambia kwamba sisi si madaktari, tutamwombea, naye aipeleke Moshi.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atusamehe pale tulipochelewa. Wabillahi tawfiq.

Tukutane wiki ijayo, insha'Allah.